Mwindo, mahari na mtoto wa nani

Katika utendi mkuu wa Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, adui wa kwanza wa mtoto ni baba yake mzazi. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, alioa wake saba na kuwaonya wasimzalie mtoto wa kiume, kwa kuwa binti ndiye anayeleta mahari. Mwindo alipozaliwa, baba alimrushia mkuki, akamzika, na mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kuitosa mtoni. Msimulizi Candi Rureke aliusimulia utendi huo mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969.

Swali lililomo ndani yake bado ni bichi kila ndoa inapovunjika Mubi, mji wa Walikale wa wafanyabiashara na wachimbaji wa kasiterite, madini ya bati: mtoto ni wa nani? Wazee wakikaa, jambo la kwanza kuulizwa ni mahari. Mbuzi walifika? Pesa zilimalizika? Zikiwa zimemalizika, watoto huhesabiwa wa ukoo wa baba. Zikiwa bado, wakwe wanaweza kuwashikilia wajukuu mpaka deni lilipwe.

Mahari si upuuzi. Humpa mtoto jina, ukoo na mahali pa kulima, na sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 inaitambua kuwa sharti la ndoa. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 591, inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba. Lakini mbuzi hawawezi kusema nani humpiga mtoto usiku.

Hapo ndipo upendeleo wa kijinsia unapoumiza. Sheria ya 1987 iliandika kwamba wazazi wakitofautiana, neno la baba ndilo lishike. Marekebisho ya Julai 2016 yalimwondolea mke mzigo wa kuomba ruhusa ya mume ili afanye mambo ya kisheria, ila mume akabaki mkuu wa nyumba. Tanzania ilielekea upande wa pili: Sheria ya Ndoa ya 1971 hudhani kwamba mtoto chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama. Dhana hiyo angalau inaweza kupinguliwa kwa ushahidi, na ni haki iwe hivyo, maana wapo baba wanaopika, wanaoogesha na kukesha na mtoto mwenye homa, na wapo mama wanaotesa.

Sulemani, alipoletewa mtoto mmoja na wanawake wawili, hakuuliza ukoo. Alitafuta ni nani aliye tayari kumpoteza mtoto ili aishi. Kifungu cha 6 cha sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, kinaelekea hukohuko: maslahi ya mtoto yatangulie, ukitazamwa umri wake, afya yake, mahitaji ya moyo na mwili wake, na nyumba anamoishi.

Kanisani na barazani, watu wengi huanza na upatanisho. Nia ni njema, lakini mtoto hurudishwa nyumbani kabla hatari haijaondoka. Mwindo hakufanyiwa hivyo. Kwanza alikimbilia kwa shangazi yake Iyangura, dada wa baba huyohuyo, kisha wajomba zake wakamfua mwili kwa chuma. Pande zote mbili za ukoo zilimkinga. Baadaye sana ndipo Shemwindo, aliyekuwa ametoroka, aliporudishwa, akakiri makosa mbele ya watu, na baba na mwana wakagawana utawala.

Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale na mgodi wa kasiterite wa Bisie uliposimamisha kazi, familia nyingi zilitawanyika, na mtoto aliyeachwa kwa bibi au kwa shangazi leo anaweza kudaiwa na pande mbili. Wazee wa Mubi, wachungaji na bami (machifu wa jadi), kabla ya kuhesabu mbuzi, muulizeni mtoto analala wapi na anamwogopa nani. Akitaja mtu, asikabidhiwe kwake. Kesi ipelekwe kwa hakimu wa watoto.