Mgongano Ulioumba Mwezi na Swali la Makusudio

Nadharia inayokubaliwa na wanasayansi wengi kuhusu asili ya Mwezi husema kwamba, takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, gimba la angani lenye ukubwa unaokaribia ule wa Mirihi, lililopewa jina la Theia, liliigonga Dunia changa, na miamba iliyoyeyuka ikarushwa juu, ikakusanyika na kuwa Mwezi. Mwaka 2001 Robin Canup wa Marekani na mwenzake Erik Asphaug walionyesha, kwa hesabu za kompyuta, kwamba mgongano wa mshazari ungeweza kweli kuacha Mwezi wenye chuma kidogo, kama ulivyo.

Hapo huzuka swali lisilo na kipimo maabarani: iwapo Mwezi, ambao hupunguza kuyumba kwa mhimili wa Dunia na hivyo kuyatuliza majira, ulitokana na tukio ambalo lingeweza kutotokea, je, utulivu huo ulikusudiwa? Wapo wanaodhani kwamba kuitaja sadfa ni kumwondoa Mungu, na dhana hiyo ni ya haraka mno. Mwanafalsafa Aristotle aliieleza sadfa kwa mfano wa mtu aliyekwenda mahali kwa shughuli nyingine akamkuta mdeni wake: kila mmoja alikuwa na sababu ya kufika, ingawa hakuna aliyepanga wakutane. Theia na Dunia nazo zilifuata kanuni za mvutano, kila moja katika njia yake. Na Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alishikilia kwamba maongozi ya Mungu hayaiondoi sadfa katika viumbe.

Kosa la upande wa pili ni zito zaidi, nalo ni kuifunga imani kwenye pembe na kasi ya Theia, kana kwamba vipimo hivyo ni saini ya Muumba. Isotopu za oksijeni, yaani atomu za oksijeni zinazotofautiana kwa uzito, zinakaribia kulingana kabisa katika miamba ya Dunia na ya Mwezi, jambo ambalo hesabu za awali hazikulieleza vyema. Ndiyo maana mwaka 2012 Canup, na kwa upande wao Matija Ćuk na Sarah Stewart, walipendekeza migongano ya namna nyingine inayoweza kuuzaa Mwezi huohuo. Aliyejenga hoja yake juu ya tarakimu za mwanzo angelazimika kuibomoa. Mwanafalsafa Ibn Sina aliuweka msingi mahali pengine, aliposema kwamba kila kinachoweza kuwapo au kutokuwapo hupewa kuwapo kwake na Yule ambaye hawezi kutokuwapo. Na hoja hiyo, ikubaliwe au ikataliwe, inayahusu magimba yote mawili, kabla na baada ya kukutana, kwa pembe yoyote yaliyogongana.