Makala Nisiyoweza Kuisoma

Mwaka jana msimamizi wangu alinitumia mswada wa kurasa 31 na ujumbe mfupi: "Jarida limeniomba niuhakiki. Nimebanwa. Nisaidie, utajifunza." Nilijifunza kweli. Nilikaa nao siku nne, nikakagua jedwali moja moja, nikagundua kwamba wahojiwa wa kijiji kimoja walikuwa wamehesabiwa mara mbili, nikaandika kurasa mbili za maoni. Dokta akaongeza sentensi tatu na kuyatuma kwa jina lake. (Jambo hilo nalo lina maswali yake, na nakiri sikumwuliza hata moja.) Miezi saba baadaye makala ikatoka. Nilipotaka kuinukuu kwenye tasnifu yangu nikabofya, na ukurasa ukanidai dola 39.95, karibu shilingi laki moja. Chuo chetu hakijalipia jarida hilo. Sikuweza hata kuona kama kosa la kile kijiji lilirekebishwa.

Kwa ambaye hajawahi kuchapisha, biashara hii inahitaji kuelezwa. Mtafiti halipwi na jarida kwa kuandika. Wanaohakiki kazi yake, wataalamu wawili au watatu asiowajua, hawalipwi pia. Mishahara yao inatoka vyuoni, mara nyingi kwenye kodi za wananchi. Kisha chuo kilekile kinatozwa fedha ili wanafunzi wake wasome kilichoandikwa na kuhakikiwa bure. Watafiti waliopiga hesabu mwaka 2021 walikadiria kwamba saa ambazo wahakiki duniani walizitoa mwaka 2020 zilizidi milioni 100, na kwamba muda wa wale wa Marekani peke yao ulikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.5.

Robert Maxwell wa Uingereza aliliona hili mapema kuliko wengi. Makala haina mbadala: ukihitaji ile inayozungumzia ugonjwa fulani, huwezi kununua nyingine ya bei nafuu kama unavyobadilisha aina ya sabuni dukani. Kwa hiyo kila jarida jipya ni duka lisilo na mshindani. Mwaka 1991 aliiuza kampuni yake, Pergamon Press, kwa Elsevier kwa pauni milioni 440.

Mimi nimekulia Upare, na kazi ya bure hainitishi. Kwetu kuna msaragambo. Watu wanatoka na majembe kwenda kuzibua mfereji au kutoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kuhifadhi maji ya umwagiliaji, na hakuna anayedai ujira kwa sababu maji yatafika shambani kwake zamu yake ikifika. Dokta alipenda mfano huu nilipompa. Akasema uhakiki ni msaragambo wa wasomi: leo unasoma ya mwenzako, kesho mwenzako anasoma ya kwako. Nilikubali. Lakini mzee wa kwetu angeuliza swali moja tu: ndiva ni ya nani? Msaragambo unakufa siku mtu mmoja ambaye hajawahi kushika jembe anapofunga kufuli kwenye lango la maji na kuanza kuuza kwa ndoo.

Kufuli hilo limewahi kugusa uhai wa watu. Ebola ilipokuwa ikiua Afrika Magharibi mwaka 2014, wataalamu wengi waliamini kirusi hicho kilikuwa kigeni eneo lile. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa Liberia waliandika kwenye gazeti la New York Times kwamba wamekuta makala ya mwaka 1982, ya watafiti wa Ulaya, iliyoeleza kuwa damu ya baadhi ya Waliberia ilionyesha dalili za kukutana na Ebola, na kwamba nchi hiyo ihesabiwe miongoni mwa zilizo hatarini. Hakuna Mliberia aliyekuwa mmoja wa waandishi wake. Kuipakua makala ya namna hiyo, walisema, kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Sidai kwamba makala moja ingezuia mlipuko. Ninachosema ni kwamba damu ilitoka kwao, na onyo halikurudi kwao.

Dawa iliyopendekezwa ni uchapishaji huria. Tamko la Budapest la mwaka 2002 lilitaka utafiti usomwe na yeyote mwenye intaneti bila malipo. Wazo zuri. Ila wachapishaji wengi wakubwa waliligeuza: badala ya kumtoza msomaji, wakaanza kumtoza mwandishi. Jarida la Nature lilipofungua njia hiyo, ada ilitangazwa kuwa euro 9,500 kwa makala. Kufuli limehama tu kutoka upande wa kusoma kwenda upande wa kuandika, na kwa mtu kama mimi upande wa pili una hatari zaidi, kwa kuwa asiyesoma hukosa habari lakini asiyeandika huandikwa na wengine.

Mtaniambia kuna msamaha wa ada. Upo, na Watanzania kwa wachapishaji wengi tunasamehewa yote kwenye majarida yaliyo huria kabisa. Kwenye yale ya mchanganyiko, yanayouza usajili na kutoza ada kwa pamoja, mara nyingi msamaha haupo. Niliwahi kuijaza fomu moja. Sehemu ya mwisho ilinitaka nieleze kwa nini siwezi kulipa. Nilikaa nikiitazama muda mrefu. Ningeandika nini? Kwamba baba ni mwalimu wa msingi? Sadaka ni jambo jema, lakini kuombeshwa sadaka ili uchangie kazi ambayo umeshaichangia bure ni kitu kingine, na sijapata jina lake.

Sisi wanafunzi tuna njia yetu, kila mtu anaijua. Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan aliianzisha Sci-Hub mwaka 2011, na mwaka 2017 mahakama ya New York ikaamuru Elsevier ilipwe dola milioni 15. Je, nikipakua pale makala niliyoihakiki mimi, nimeiba? Nimelizungusha swali hili sana na jibu langu haliwi safi. Seva zina gharama. Wahariri wa lugha wanastahili mshahara. Najua profesa anayehariri jarida la idara bila malipo yoyote, na toleo lake la mwisho limechelewa karibu miaka miwili. Kuna wanaothubutu njia nyingine, kama SciELO iliyoanzia Brazil, ambako majarida mengi yanabebwa na fedha za umma. Hiyo ndiyo ndiva ninayoijua. Inahitaji tu serikali iliyo tayari kununua majembe.

Uamuzi wenyewe ulinifika kwa makala yangu ya kwanza, kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, Unguja. Dokta, ambaye ni mwandishi mwenza na anangojea kupandishwa cheo, alitaka jarida kubwa lililofungwa. Mimi nilikuwa nimeulizwa swali ufukweni. Bi mkubwa mmoja, nilipomaliza kumhoji, alinitazama na kusema, "Nyinyi watu wa utafiti twawajua. Mwaja, mwaandika, mwaondoka. Hiyo karatasi sisi tutaiona wapi?" Nikaahidi nitairudisha. Nilipomweleza Dokta, alinijibu, "Ahadi yako haitambuliwi na kamati ya ajira." Alisema kweli. Nilipoongeza kwamba sitahakiki tena kwa majarida yenye kufuli, akauliza, "Na ya kwako atahakiki nani?" Hapo sikuwa na jibu, na bado sina.

Tulikubaliana jarida dogo, huria, lisilomtoza mwandishi wala msomaji. Hakufurahi. "Ya pili nachagua mimi," alisema.

Wakati mswada ukiwa bado kwa wahakiki, niliandika muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili nikavuka nao bahari. Mjukuu wake alimsomea kwa sauti barazani. Kwenye ukurasa wa tatu alimnyooshea mkono anyamaze.

"Hawa wa sabuni," alisema, "umewaandika wameacha kulima?"

"Ndiyo, bi mkubwa. Niliwakuta kiwandani."

"Uliwakuta kiwandani kwa sababu ulikuja maji mafu. Bamvua wote wapo pwani. Hawajaacha hata mmoja, mwanangu."

Walikuwa kumi na mmoja. Maoni ya wahakiki yalifika wiki mbili baadaye. Hakuna aliyeligusa jambo hilo, na wangelijuaje? Nilirekebisha jedwali, nikaiandika upya aya ya hitimisho, na pale mhariri alipotaka kila badiliko liambatane na sababu yake, nikaandika kwamba msomaji mmoja wa Paje ameona kosa.