Dubu Amerudi: Je, Deni Limelipwa?



Muhula uliopita, katika mjadala wa darasa letu la uhandisi wa madini, nilipangiwa upande wa kuwatetea wachimbaji. Nilishinda kwa msaada wa mnyama ambaye katika misitu yetu hayupo: dubu. Nikasema, "Kule Kanada dubu wamerudi wenyewe kwenye mgodi uliofukiwa. Mwenye nyumba akisharudi, ninyi mnamlilia nani?" Darasa likacheka, nami nikapigiwa makofi. Usiku ule swali langu mwenyewe likaninyima usingizi.

Habari yenyewe ni ya kweli. Katika jimbo la Alberta, karibu na hifadhi ya Jasper, kuna migodi ya wazi ya makaa ya mawe, Luscar na Gregg River. Milima ilipasuliwa, yakatolewa makaa ya kutengenezea chuma. Baadaye sehemu kubwa ya ardhi ikasawazishwa, ikapandwa nyasi na malisho ya jamii ya kunde. Mwaka 2009 na 2010 watafiti waliwafunga dubu 10 aina ya grizzly mikanda ya shingoni yenye GPS, wakachunguza na vinyesi vyao. Dubu wa milimani walikula zaidi mizizi. Wa vilima vya chini walikula zaidi nyama ya wanyama wenye kwato. Mgodini chakula chao kikubwa kilikuwa majani yaliyopandwa na watu, mengi yakiwa ya kigeni. Malisho hayo yalivuta dubu hata kutoka mbali.

Basi dubu ameshiba. Kosa liko wapi?

Fikiri mtu amevamia shamba la jirani yake, akang'oa mihogo, akauza mchanga, kisha akapanda maembe. Watoto wa jirani wakiyala kwa furaha, je, tuseme wamemsamehe? Wamekula kwa sababu wana njaa. Nami nilimwita dubu awe shahidi wangu, hali yeye hana ulimi wa kukubali wala kukataa. Tumbo lake nililifanya kuwa sahihi yake.

Sisemi uchimbaji ni dhuluma kwa asili yake. Basi lililonileta chuoni ni la chuma, na kitanda cha hospitali pia. Wala sidharau kazi ya kurudisha ardhi. Shimo lililoachwa wazi ni baya zaidi. Ninachosema ni kwamba nilihesabu majani, nikasahau usalama.

Katika nchi ile, dubu wengi wakubwa huuawa na binadamu, mara nyingi karibu na barabara. Jike la grizzly huchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, kisha hukaa na watoto wake miaka miwili au mitatu. Akipotea mmoja, pengo halizibiki upesi. Mwaka 2010 Alberta iliwaweka dubu hawa katika orodha ya wanyama walio hatarini. Sasa tafakari: umepanda chakula kinachowaita kutoka mbali, halafu mgodi unafungwa, walinzi wanaondoka, barabara zinabaki, watu wanaingia na magari na bunduki. Malisho yale yale yamegeuka chambo.

Hapo ndipo nilipoelewa neno amana, tunalolisikia kila Ijumaa. Aliyepewa amana akaiharibu hamalizi wajibu wake kwa kuitengeneza. Hubaki nao maadamu kazi ya mikono yake bado inaweza kudhuru. Kwa hiyo aliyemwita dubu kwa malisho ana wajibu mkubwa zaidi wa kumlinda kuliko siku alipomfukuza kwa baruti.

Likizo hii nakwenda mafunzo kwa vitendo mgodini. Huko hakuna dubu. Kuna mbuzi, ndege, na watoto wanaoteka maji bondeni. Nitaonyeshwa ramani ya miti itakayopandwa, na nitafurahi kuiona. Kisha nitauliza: lango likishafungwa, nani atabaki kulinda, na kwa miaka mingapi? Nikikosa jibu, sitawapigia makofi.