NANI ANGOJE JUANI?

Si mbali na hapa Ngokolo ipo shule ya Buhangija, iliyopokea watoto wengi wenye ualbino waliokimbizwa vijijini kwa sababu ya mauaji yaliyotutia aibu tangu miaka ya 2006 na 2007. Panga wameepushwa nalo. Jua je? Ngozi yao haina rangi ya kuizuia miale yake, na wengi wa namna yao katika nchi zetu hufa mapema kwa saratani ya ngozi.

Kinga mojawapo ni mafuta yenye oksidi ya zinki, unga mweupe ule ule utiwao katika marhamu ya vipele vya watoto wachanga. Siku hizi husagwa mpaka chembe zake ziwe chini ya nanomita 100. Elfu kumi zikipangwa mstari hazifiki milimita moja. Hivyo mafuta hayaachi weupe usoni.

Wako wasemao kwamba vitu vidogo hivyo hupenya mwilini na kudhuru, basi tungoje kwanza. Shaka hiyo hatuicheki. Katika maabara, chembe hizo zikiwekwa juu ya seli hai huyeyuka, zikatoa zinki nyingi, na seli hufa. Lakini tabaka la juu la ngozi yetu limekwisha kufa, nalo ni ukuta. Mwaka 2010 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya kuwapaka watu ufukweni, kwa siku tano, mafuta ambayo zinki yake ilitiwa alama. Iliyoonekana katika damu ilikuwa kidogo mno kuliko zinki ambayo damu huwa nayo siku zote. Mwaka 2012 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Ulaya iliyakubali ya kupaka, mpaka asilimia 25. Ya kupuliza haikuyakubali, maana mapafu si ngozi. Mchomeleaji wa mabati aliyevuta moshi wa zinki mchana, akashikwa na homa usiku, hahitaji kufundishwa jambo hilo.

Basi twamwuliza msema “tungoje”, aliyeketi chini ya mwembe na ngozi yake nyeusi: angoje nani? Hadhari ambayo gharama yake hulipwa na mwili wa mwingine haistahili kuitwa busara.

Wala tusiangukie upande wa pili, tukadhani kwamba kwa maskini chochote chatosha. Mtoto aliyekwisha kubabuka na kutoka vidonda ni habari nyingine, na hapo twataka waganga wachunguze kwa bidii, wakimweleza mzazi wazi. Watu hawa walikwisha kufanywa chombo cha bahati kwa wachimbaji wa dhahabu. Haifai wafanywe tena chombo cha majaribio wasiyoyajua.

Wakati huo huo, kofia pana na mikono mirefu havina ubishi wowote, na mwalimu apangaye gwaride saa sita za mchana aweza kulihamishia saa moja asubuhi bila kungoja mtaalamu yeyote.