Vikombe 15 na Kikombe Kimoja

Mwaka 1932 mtaalamu wa Uswisi aitwaye Jean Piaget alichapisha kitabu kuhusu namna watoto wanavyopima kosa. Njia yake ilikuwa nyepesi. Aliwasimulia watoto visa viwili viwili, kisha akawauliza ni yupi aliyekosa zaidi. Katika kisa kimoja mvulana anaitwa chakulani. Anasukuma mlango, na hajui kwamba nyuma ya mlango kuna kiti chenye trei ya vikombe 15. Vyote vinavunjika. Katika kisa cha pili mvulana mwingine, mama yake akiwa ametoka, anapanda juu ya kiti ili achukue jemu kabatini bila ruhusa, na mkono wake unaangusha kikombe kimoja.

Watoto wadogo wengi walisema kwamba wa kwanza ndiye mkosaji zaidi. Hawakukosa kusikia kuwa hakukusudia, lakini 15 ni nyingi kuliko 1. Wakubwa wao walimtaja yule wa jemu. Kwa hesabu ya Piaget jibu la kwanza lilikuwa la watoto wa wastani wa miaka 7, na la pili la watoto wa wastani wa miaka 9. Hiyo ndiyo miaka ya darasa la kwanza hadi la nne. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba hata watoto wadogo zaidi huweza kuiona nia ya mtu, hadithi ikisimuliwa kwa uwazi. Kwa hiyo asiwepo mwalimu wa Shule ya Sabato atakayesema kwamba mtoto wa miaka 6 hana dhamiri. Hata hivyo, kila aliyelea watoto anajua kwamba katika miaka hiyo kitu fulani hubadilika. Mtoto aliyekuwa akiuliza, "Nitapigwa?" huanza kuuliza, "Mbona napigwa na sikukusudia?"

Kuna jambo ambalo Piaget aliligusa pia, nalo huwagusa wazazi kuliko watoto. Alisema kwamba akina mama wengi wa nyumbani hukasirishwa na vikombe 15 kuliko kikombe kimoja, nia iwe iwavyo. Ikiwa ni hivyo, mtoto mdogo aliyetoa jibu "lisilokomaa" huenda alikuwa akisema tu kile alichokiona nyumbani.

Tuchukue nyumba ya kawaida ya muumini. Binti wa darasa la tatu anamsaidia mama kuandaa meza siku ya Ijumaa kabla jua halijatua. Chupa ya chai inamponyoka, inavunjika. Kelele zinasikika hadi kwa jirani: "Nani kakutuma uiguse?" Juma hilohilo kaka yake alitumwa dukani, akaficha shilingi 200 za chenji, akasema muuzaji hakuwa na sarafu. Ilipogundulika, mjomba alicheka na kusema, "Huyu atakuwa mfanyabiashara." Watoto wote wawili wamefundishwa somo moja: kosa ni hasara. Lisiloleta hasara kubwa si kosa kubwa, na msaada ulioleta hasara ni dhambi. Hakuna aliyekusudia kuwafundisha hivyo.

Soma Kumbukumbu la Torati 19:4, 5. Watu wawili wako msituni wakikata miti. Chuma cha shoka kinachomoka katika mpini, kinampiga mwenzake, naye anakufa. Hakuna hasara kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo sheria inampa aliyeshika shoka mji wa kukimbilia, kwa kuwa hakumchukia mwenzake tangu hapo. Aliyemvizia jirani yake kwa chuki hana mji huo, hata akifika mlangoni pake (fungu la 11 na 12). Maiti ni mmoja, na hukumu ni mbili. Soma pia Kutoka 21:28, 29, habari za ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe. Hapo swali ni kama mwenye ng'ombe alikuwa ameonywa. Kama hakujua, hana hatia. Kama alijua na hakumzuia, hali yake ni nyingine kabisa. Israeli walipewa sheria hizi wakiwa wametoka utumwani, mahali ambapo msimamizi huhesabu matofali na hana haja na moyo wa mfanyakazi.

Je, hii ina maana kwamba nia ndiyo kila kitu, na mtoto akisema "sikukusudia" jambo limekwisha? Hapana. Kutoka 22:6 inazungumzia moto uliowashwa shambani, ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya jirani. Aliyeuwasha hakusudii kumtia jirani njaa, lakini atalipa. Jirani bado anahitaji kula. Sheria inatenganisha mambo mawili ambayo hasira huyachanganya: hasara na hatia. Hasara hulipwa na aliyeileta, hata kama moyo wake ni safi. Hatia hupimwa kwa moyo. Binti aliyevunja chupa anaweza kuokota vigae kwa uangalifu, kufuta chai, na kubeba maji ya ziada Jumapili ili naye achangie chupa mpya. Hayo ni malipo, na mtoto wa miaka 8 anayaelewa vizuri kuliko watu wazima wanavyodhani. Lakini hana haja ya kuadhibiwa kana kwamba ni mwizi. Kaka yake, ambaye hasara yake ni shilingi 200, ndiye mwenye shauri zito la kuzungumza na baba yake, mlango ukiwa umefungwa na bila mjomba.

Kuna sehemu nyingine ya sheria ambayo husomwa haraka kwa sababu imo katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Mwizi aliyekutwa na mali mkononi alirudisha maradufu (Kutoka 22:4). Lakini aliyemdhulumu mwenzake, kisha akaikiri dhambi yake, alirudisha mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano, pamoja na sadaka yake ya hatia (Mambo ya Walawi 6:1-7, Hesabu 5:6, 7). Hebu hesabu hiyo ifanywe kwa fedha za leo. Kwa mali ya shilingi 10,000, aliyekamatwa anatoa 20,000, na aliyekiri anatoa 12,000. Sadaka ni juu yake pia, na hakuna aliyeambiwa aende bure. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na mtu yeyote katika Israeli angeweza kuiona: njia ya kukiri ilikuwa wazi, na ilikuwa nyepesi kuliko njia ya kukamatwa.

Katika nyumba nyingi bei ni moja. Mtoto aliyekuja mwenyewe akasema, "Mama, ni mimi," anapigwa fimbo zilezile ambazo angepigwa kama angetafutwa na kupatikana. Wakati mwingine hupigwa zaidi, maana yule mwingine huenda asingepatikana kamwe. Mtoto wa miaka 9 anajua kujumlisha na kutoa. Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti waliofanya Afrika Magharibi katika shule mbili, moja ya viboko na nyingine isiyo na viboko. Watoto, waliokuwa wa miaka 3 na 4, waliachwa peke yao na kuambiwa wasichungulie kitu kilichowekwa nyuma yao. Wengi wa shule zote mbili walichungulia. Walipoulizwa, wale wa shule ya viboko karibu wote walikana, na walijua kuutunza uongo wao vizuri kuliko wenzao. Kiboko hakikuzuia kuchungulia. Kilichoongezeka ni ustadi wa kuficha, nao watoto hao wataingia nao darasa la kwanza.

Katika darasa la watu wazima hapa hunyanyuka mkono, na fungu linalotajwa ni Mithali 13:24, lile la fimbo. Ni vema lisomwe, maana ni Neno la Mungu, na upole usio na mipaka umeharibu watoto pia. Ila kitabu hichohicho kina Mithali 28:13, kinachosema nini humpata afichaye dhambi na nini humpata aziungamaye na kuziacha. Ni nadra wanaolitaja fungu la kwanza kulitaja la pili kwa pumzi ileile. Mzazi anayeshika yote mawili atalazimika kujiuliza kama rehema iliyoahidiwa hapo inapatikana nyumbani mwake, au inapatikana kanisani tu.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Mtoto atazoea: atavunja, ataungama, atapona, kesho atavunja tena. Inawezekana, na watoto wa miaka 8 wana akili ya kutosha kwa hilo. Ndiyo sababu sehemu ya tano haikufutwa. Anayekiri bado hulipa, na anayerudia kosa lilelile alilokwisha kuonywa amekuwa kama mwenye ng'ombe wa Kutoka 21:29. Ellen White, katika kitabu chake kuhusu elimu kilichotoka mwaka 1903, aliandika kwamba kusudi la kweli la karipio hufikiwa pale tu mkosaji mwenyewe anapoongozwa kuliona kosa lake, na utashi wake ukaelekezwa kulisahihisha. Hilo huchukua muda mrefu kuliko viboko vinne. Mzazi aliyetoka shambani au kazini akiwa amechoka hana muda huo kila siku, na ni haki kulisema hilo wazi.

Soma 1 Samweli 3:11-18. Mtoto amepewa ujumbe mzito usiku, nao ni hukumu juu ya nyumba ya mtu anayemlea. Asubuhi anafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida na anaogopa kusema. Eli hakuwa mlezi hodari. Wanawe walijiletea laana naye hakuwazuia. Lakini usiku ule Samweli alimwamsha mara tatu, na mara zote tatu mzee hakumfokea, bali alimrudisha kulala. Asubuhi alimwita mwanawe, akamtaka asimfiche neno hata moja. Samweli akaeleza yote, na mzee akayapokea bila kumgusa mtoto.

Kwa mjadala darasani: Mtoto wa miaka 8 alikatazwa kucheza na simu ya baba. Akacheza, ikaanguka, kioo kikapasuka. Jioni alikuja mwenyewe akasema, kabla baba hajaiona. Katika shauri hili hasara ni ipi, na hatia ni ipi? Mtoto alipe nini? Na kama kesho ndugu yake mdogo, aliyekuwa akitazama yote hayo, atavunja kitu, atamwendea nani?