Kiti cha Martha

Juzi redioni walisimulia habari za Martha Hughes Cannon, na simulizi yote ikawa ya mumewe. Kwamba mwaka 1896, huko Utah, Marekani, mke aligombea useneta wa jimbo kupitia chama cha Democratic, mume, Angus, akagombea kupitia Republican, mke akashinda. Studio nzima ikaangua kicheko. Nikazima redio, lakini kile kicheko hakijanitoka rohoni.

Ni kweli alimshinda. Ila huo haukuwa ugomvi wa chumbani: viti viligombewa vitano, na wapiga kura wakampa yeye kimoja. Alikuwa daktari, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Michigan. Jimbo la Colorado lilikwisha kuchagua wanawake watatu kwenye Baraza lake la Wawakilishi mwaka 1894. Ila kwenye seneti, Martha ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo, miaka 24 kabla katiba ya nchi hiyo haijakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia.

Akishaingia alifanya nini? Hilo redio haikulisema. Alipeleka muswada wa bodi ya afya ya jimbo. Alitetea watoto viziwi na wasioona wasomeshwe. Kisha akaleta sheria ya kuwalazimisha wenye maduka wawawekee viti wanawake wanaowauzia.

Utaniambia kiti ni kitu kidogo, seneta mzima hapotezi muda kwa stuli. Mimi nimeuza kwenye duka la vitambaa miaka miwili. Stuli ilikuwapo, ya tajiri peke yake. Sisi wasichana tulisimama tangu kufungua mpaka kufunga. Ikifika saa kumi jioni navua kiatu kimoja nyuma ya kaunta, naubandika unyayo kwenye sakafu ya baridi, halafu nabadilisha mguu. Mteja akiingia, navaa upesi nisionekane mvivu. Usiku mama ananikanda kwa maji ya chumvi.

Aliyewahi kukandwa hivyo hawezi kukiita kile kiti kidogo. Bungeni walikaa wanaume wengi kabla ya Martha, na maduka walikuwa wakiingia kila siku. Miguu ile hawakuiona.

Ndugu watangazaji, mkimtaja tena, anzeni na kiti. Na wewe mwenye duka unayenisoma, mpe stuli leo binti anayekuuzia, asisubiri seneta.