Jumba Ndilo Risiti

Mwezi jana nilipata kibarua cha mtandaoni: maneno 600 kuhusu majumba ya kale ya Nantes, Ufaransa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sijawahi kupanda ndege, lakini kibarua ni kibarua.

Jumba lililonishika zaidi linaitwa Temple du Goût, la miaka ya 1750, kwenye mtaa wa Feydeau. Roshani zake ni za chuma kilichokunjwa kama utepe. Mtaa huo zamani ulikuwa kisiwa cha mchanga, ndiyo maana majumba kadhaa yameinama kama walevi. Juu ya milango na madirisha mtaani humo wamechonga nyuso za mawe: miungu ya bahari, wazee wenye ndevu, na hata Waafrika. Sheria inalinda jumba hilo. Kubadilisha dirisha tu, mpaka upate kibali.

Nikaandika pia ni nani alilipa. Temple du Goût lilijengwa kwa pesa za Guillaume Grou, mwenye meli aliyetajirika kwa kuuza watu. Meli za Nantes zilifunga safari zaidi ya 1,700 za watumwa. Na Wafaransa walifika mpaka pwani yetu: mwaka wa 1776 mfanyabiashara Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka.

Mteja akajibu: toa hiyo aya, watu wanatafuta likizo. Nilikuwa na deni la kodi. Nikaitoa. Ilichukua dakika moja.

Zamani ungeniuliza, ningesema jumba kama hilo libomolewe. Siku hizi naona kulibomoa ni kumsaidia Grou, kwa sababu jumba ndilo risiti. Lakini risiti iliyofutwa maandishi ni karatasi tu. Sheria inalinda mawe. Hadithi lazima mtu aibebe. Nantes wenyewe wamejaribu: tangu 2012 kuna ukumbusho kando ya mto, majina ya meli yakiwa yamepachikwa ardhini.

Nilijitetea kwamba nikikataa, mwingine ataandika. Huenda fundi aliyechonga zile nyuso alijiambia hivyo hivyo, akapokea ujira wake, akaenda kulipa kodi. Nashindwa kumhukumu, tunafanana mno.

Pesa nilishazitumia, siwezi kuzirudisha. Nilichofuta ni hayo ya Grou na Kilwa. Angalau wewe umeyasoma.